Upupu Kwenye Kiatu cha Kulia

Kwanza ieleweke kwamba mimi si mtu wa kuchukizwa ovyo. Nimekaa bweni miaka minne. Nimekula maharage yenye wadudu bila kuwatazama usoni, na nimelala kitanda cha chini huku wa juu akiwa na tatizo ambalo kwa heshima yake silitaji. Kwa hiyo ninaposema jambo fulani lilinichukiza, nasema kama mtaalamu.

Jambo lenyewe ni somo. Dada yangu Shani yuko mwaka wa tatu katika chuo kidogo cha binafsi huko Butiama, anasomea shahada ya uhamasishaji wa afya. Mwaka huu waliongezewa somo jipya la hiari linaloitwa Ukocha wa Ustawi. Nasema la hiari kwa sababu ndivyo lilivyoandikwa kwenye ratiba. Masomo mengine mawili ya hiari hayakuwa na mwalimu, hivyo darasa zima lilijikuta limelipenda hili.

Kila mwanafunzi alitakiwa kupata mteja mmoja mtaani na kumtembelea mara sita. Ziara ya sita inarekodiwa kwenye simu, dakika ishirini bila kukata, na inatumwa chuoni siku hiyohiyo. Kocha hashauri, hakatazi, haagizi. Anauliza tu, kisha anarudia alichojibiwa, mpaka mteja aione njia yake mwenyewe. Asiyefaulu rekodi hiyo hahitimu Novemba. Mama alikuwa ameshanunua vitenge vya mahafali, vimekunjwa juu ya kabati, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa.

Shani alimchagua Mzee Hamduni, fundi cherehani wa hapa kwetu Manyamanyama, mjini Bunda, ambaye alikuwa na kisukari mwaka wa tisa sasa. Mimi nilikuwa nyumbani nasubiri kupangiwa kidato cha tano, nikapewa cheo cha kushika simu, kwa mazoezi, tangu ziara ya kwanza.

Ziara ya kwanza naikumbuka vizuri. Shani aliketi kwenye benchi la wateja, akaweka ile sura waliyofundishwa, ya mtu anayesikiliza kwa meno.

"Babu, ungependa nini kibadilike katika maisha yako?"

"Ningependa Mama Nyangi ahamishe samaki wake."

Mama Nyangi anauza furu wakavu kibanda cha pili. Ni kweli pale kulikuwa na harufu.

"Unasema ungependa Mama Nyangi ahamishe samaki wake," Shani akarudia.

"Ndiyo nimesema. Masikio yako yana shida, mjukuu wangu?"

"Hapana, babu. Na kuhusu afya yako?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Niambie."

"Siwezi kukuambia, babu. Jibu unalo wewe mwenyewe."

Mzee akasimamisha cherehani, akanigeukia mimi. "Luqmani, umesikia? Miaka mitatu chuoni, na jibu ninalo mimi."

Mwishowe alijiwekea lengo: atakunywa chai bila sukari. Alilitimiza kwa uaminifu unaotisha. Kila tulipofika alikunywa chai kavu, na kila kikombe kilisindikizwa na kashata mbili. Shani aliziona. Niliona anavyomeza mate na maneno pamoja, kisha akauliza alichoruhusiwa kuuliza.

"Unajisikiaje baada ya chai hiyo, babu?"

"Tamu."

Akaandika kwenye daftari: mteja anaona mabadiliko. Hapo ndipo nilipoanza kusikia kichefuchefu cha kitaaluma.

Kulikuwa na mambo mengine niliyoyaona, kwa kuwa mshika simu hana kazi nyingi. Mzee Hamduni alikuwa akikanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake, wa kulia ameuegesha pembeni kama mzigo wa mtu mwingine. Na hakuvua soksi. Alikuwa na soksi nene za kijivu, za shule, na akitawadha pale bombani alipitisha mkono wenye maji juu ya soksi, akamaliza. Ruhusa ya kupangusa juu ya soksi ipo, lakini mwalimu wetu wa dini alisema ni ya siku moja na usiku wake kwa mkazi, siku tatu kwa msafiri. Mimi nilimhesabia Mzee Hamduni wiki tano.

"Babu, leo umesafiri?" nilimuuliza bombani.

"Ndiyo."

"Kwenda wapi?"

"Kukukimbia wewe," akasema, akaenda zake kuswali.

Harufu nayo ilizidi. Wiki ya tano Shani alikuwa anaongea akipumulia mdomoni. Nilimwambia ule si uvundo wa furu, ule ni wa mguu. Akasema mteja hajauleta mguu kwenye mazungumzo, na kocha hamwingizii mteja ajenda. Alisema hivyo bila kunitazama. Dada yangu ambaye nyumbani ananiamrisha nikate kucha, aliketi mbele ya mguu unaonuka akisubiri mguu ujitambulishe.

Sasa nakiri kosa. Bwenini kwetu kulikuwa na sayansi moja tu iliyofanyiwa majaribio ya kutosha, nayo ni ya upupu. Ule mtambaa wenye maganda ya manyoya unaota mpaka kwenye uzio wa shule, na mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa mtaalamu wake asiye na mpinzani. Nilikuwa na akiba kwenye kibati cha kiwi. Nia yangu haikuwa mbaya sana. Nilitaka tu Mzee Hamduni avue soksi, ili dunia ione na Mama Nyangi asafishwe jina.

Siku ya ziara ya sita, mzee alipoacha viatu mlangoni kwa ajili ya swala ya adhuhuri, nilinyunyiza. Kushoto na kulia, sawasawa, kama mtu anayetia chumvi mchuzi wa wageni.

Alirudi, akaketi kwenye cherehani. Shani akanipa simu, nikabonyeza kurekodi.

"Babu, leo ni siku yetu ya mwisho. Ukitazama nyuma, unaona nini?"

"Naona chai," alisema mzee. Halafu akasugua kisigino cha kushoto kwenye mguu wa cherehani.

"Unaona chai."

"Naona..." Akasugua tena. Akaacha kitambaa. Akainama, akavua kiatu cha kushoto, akavua soksi, akaanza kujikuna kwa kucha zote kumi, kisha akachukua rula ya ushonaji akajikuna nayo. Mguu wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa, safi, mwekundu kwa kukunwa.

Nikasubiri wa kulia.

Wa kulia ulitulia. Dakika moja, mbili, tatu. Upupu wangu haujawahi kushindwa na mtu. Umewahi kumtoa kiranja mkuu mstarini mbele ya mkuu wa shule. Nilihisi nimedharauliwa, na kwa hasira ya kitaaluma nikasahau kwamba nashika simu inayorekodi.

"Babu, mbona wa kulia haukuwashi?"

Shani alinikazia macho ninyamaze. Mzee akaacha kujikuna. Akautazama mguu wa kushoto, mwekundu. Akautazama wa kulia, ndani ya kiatu. Akanitazama mimi, muda mrefu.

"Wa kulia hauna shida," akasema polepole. "Hauumi. Ni mwaka sasa hauumi kabisa."

Shani aliweka daftari chini. Niliona uso wake ukibadilika, ile sura ya kusikiliza ikaanguka, na nyuma yake kulikuwa na dada yangu. Alitazama simu mkononi mwangu. Namba zilikuwa zinakimbia: dakika ya saba na sekunde kumi. Alijua anachokwenda kufanya kitamgharimu nini, na mimi nilijua kwamba anajua.

"Babu, vua kiatu cha kulia."

"Unaniuliza au unaniagiza?"

"Nakuagiza."

Mzee Hamduni aliinama, akavua.

Hapa nitakuwa mfupi kwa ajili ya wanaosoma huku wanakula. Soksi ilikuwa imeshikana na ngozi. Shani aliilowesha kwa maji ya kunywa akaivuta kidogokidogo, na ile harufu ambayo tulimsingizia Mama Nyangi wiki sita ikatoka yote kwa pamoja. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi. Katikati ya unyayo palikuwa na shimo, na ndani ya shimo kitu kinang'aa. Ilikuwa nusu ya sindano ya cherehani. Ilivunjika, ikaanguka chini, akaikanyaga, na akaendelea kushona sare za watoto wa watu juu yake bila kuisikia.

"Hii imeingia lini?" Shani aliuliza.

"Sijui," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wallahi sijui."

Mimi nilitapika kwenye kapu la vipande vya vitenge. Yote yamo kwenye rekodi.

Shani hakutapika. Alifunga mguu kwa kitambaa safi, akamtuma Mama Nyangi kwa jirani mwenye gari, na mzee alipoanza kusema kwamba fundi mwenzake aliingia hospitali na kidole akatoka bila goti, alimkatisha. "Babu, unapanda gari. Tutaongea njiani." Hizo ni amri mbili zaidi. Akanipokonya simu, akaizima dakika ya kumi na saba, na usiku ule akaituma rekodi chuoni ilivyo.

Hospitali Musoma waliondoa vidole viwili na sindano. Daktari alisema mzee angechelewa wiki moja, wangeondoa mguu. Siku ya tatu niliingia wodini peke yangu na machungwa, nikakiri kuhusu upupu kwa maneno niliyoyaandaa usiku kucha, yenye utangulizi na hitimisho.

"Nilijua," akasema Mzee Hamduni. "Na mimi nilikuwaga bwenini, kabla baba yako hajazaliwa. Ulipoweka kushoto, na kulia uliweka?"

"Niliweka, babu. Sawasawa."

Akatikisa kichwa. "Nilijua mpuuzi kama wewe hawezi kuweka kimoja. Nikawa nasubiri wa kulia nao uwashe. Nilikuwa naomba uwashe." Akamenya chungwa taratibu. "Pale ndipo nilipoogopa. Dada yako asingesema vua, ningevaa kiatu changu nikanyamaza."

Wiki iliyofuata tuliitwa Butiama, mimi na Shani, kwa mwalimu wa somo, Madam Ursula. Ofisi yake ilikuwa safi mno. Ukutani palikuwa na bango la mtu mwenye afya akirukaruka. Aliisikiliza rekodi yote mbele yetu, mpaka sauti ya kapu, na ilipoisha alitoa leso akafuta pua. Nikadhani mambo yameisha vizuri. Kisha akavuta fomu.

Fomu ilikuwa na mistari kumi, kila mmoja alama mbili, na kufaulu ni kumi na mbili. Kocha hakuagiza: sufuri. Mazungumzo yalifika dakika ishirini: sufuri. Mteja alitathmini lengo alilojiwekea: sufuri, maana chai ilitajwa ikaachwa njiani. Kikao kilifungwa kwa shukrani: sufuri. Hakuna mtu wa tatu aliyeingilia.

"Huyu aliyeuliza kuhusu kuwashwa ni nani?" akauliza Madam Ursula.

"Ni mimi, Madam. Na aliyetapika pia."

Sufuri. Jumla ikawa kumi. Zilipungua mbili, na hizo mbili zilikuwa zangu.

"Madam, lakini mguu umepona," nilisema.

"Naona, mwanangu. Ila humu hamna mstari wa mguu." Aliigeuza ile fomu nyuma na mbele, kana kwamba mstari huo ungeweza kuwa umejificha. Halafu akamwambia Shani kwa sauti ya chini, "Simu huwa zinaharibika. Ukiniambia rekodi ilifutika, nitapokea nyingine. Nenda wodini, umuulize habari za chai, mnimalizie dakika ishirini."

Nilimkanyaga Shani chini ya meza. Kila mtu mwenye akili alijua jibu. Niliviona vile vitenge juu ya kabati.

"Hapana, Madam," Shani akasema. "Babu alinidanganya wiki tano kuhusu chai, na mimi nikaandika. Sitamwomba anidanganye tena akiwa kitandani."

Madam Ursula akaandika kumi, akaweka saini. Akasema Shani atarudia: mteja mpya, wiki sita, na kama atawahi kabla ya orodha ya Novemba kufungwa basi ni bahati yake. Tulitoka nje. Shani hakulia mpaka tulipopita geti, na alilia akitembea, haraka, kama mtu anayewahi kitu. Nilisikia kichefuchefu, na safari hii sikuweza kumsingizia mtu yeyote.

Mteja mpya ni mimi. Nilijitolea pale pale barabarani, na Shani alicheka huku makamasi yakimtoka, jambo lililonichukiza pia lakini nililisamehe.

Mzee Hamduni amerudi kibandani. Amemwomba radhi Mama Nyangi mbele ya majirani, na Mama Nyangi amempa furu wa bure, anaowala kwa kinyongo. Hospitali walimwambia kila asubuhi mtu atazame nyayo zake zote mbili, kwa kuwa mwenyewe hainami vizuri. Ana wajukuu saba. Amenichagua mimi.

Jumatatu Shani aliweka simu mezani, akavaa ile sura yake.

"Ndugu Luqmani, ungependa nini kibadilike katika maisha yako?"

"Ningependa kutazama nyayo za Mzee Hamduni kila asubuhi bila kutapika."

"Unasema ungependa kutazama nyayo za Mzee Hamduni bila kutapika."

"Ndiyo nimesema. Masikio yako yana shida?"

Akauma mdomo ili asicheke kwenye rekodi, akaandika. Leo ni siku ya nne. Kidonda kinafunga, kingo zake ni za waridi, katikati kuna unyevunyevu ambao sitaueleza. Nimetapika mara moja tu.