Tarakimu ya Mwisho

Haikuwa imefika hata saa nne asubuhi na macho ya Gentrix Awinja yalishachoka. Ilikuwa siku ya kumi na tisa ya majaribio, na tangu siku ya kwanza kazi ilikuwa ile ile: kuketi katika ofisi ndogo ya ghorofani, juu ya duka la mbegu na dawa za mimea mjini Kakamega, akitazama picha za majani ya mahindi mpaka akifumba macho anayaona bado.

Kampuni yao ilikuwa na huduma moja tu. Mkulima anapiga picha ya jani lenye kasoro, anaituma kwa simu, na kabla ya dakika mbili kuisha anapata ujumbe wa kumweleza mahindi yake yana nini na afanye nini. Anayejibu si mtu. Ni programu iliyofunzwa kwa maelfu ya picha, nayo inakaa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodi zilizo nchi za mbali ambazo Gentrix hakuwahi kuzitia machoni. Msimu huu programu ilikuwa na matoleo mawili. Toleo la nne lilikuwa limetumika mwaka mzima. La tano lilikuwa jipya. Ili kujua lipi ni bora, wakulima waligawanywa kwa nambari za simu. Aliye na nambari inayoishia kwa mbili, nne, sita, nane au sufuri alijibiwa na toleo la nne. Waliobaki walijibiwa na la tano. Wenyewe hawakujua lolote.

Gentrix alikuwa amesomea kilimo chuoni, kisha akajifunza mambo ya kompyuta peke yake katika chumba chake cha kupanga huko Shirere. Ndiyo maana yeye ndiye aliyefanywa hakimu. Kila siku alichagua picha mia moja, akaandika ugonjwa anaouona kwa macho yake, kisha akazipitisha katika matoleo yote mawili aone lipi limekubaliana naye. Ilikuwa kazi ya kuchosha kwa namna isiyoonekana. Akirudi nyumbani jioni alikuwa hoi kama aliyeshinda shambani, na hana hata tope kwenye viatu la kuonyesha.

Simu ya ofisi ikalia.

"Wewe ndio unajibunga hizi picha?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Naweza kukusaidia, mama. Naongea na nani?"

"Mimi ni Jepkosgei, Mama Kiptoo, wa Lumakanda. Nataka uniambie kama huko kwenu muko watu wawili."

"Kivipi, mama?"

"Mimi na Phanuel tumepakana. Ni ua tu iko katikati. Mahindi ilianza kugeuka rangi wiki moja, kwangu na kwake. Yeye akatuma picha, akaambiwa ni ugonjwa mbaya, ang'oe na achome haraka. Akang'oa mistari mine, ikaisha. Mimi nikatuma, nikaambiwa niongeze mbolea. Nikaongeza. Sasa imeenea nusu ya shamba. Msichana wangu, mimi nilikosea kupiga picha?"

Gentrix alimwomba nambari yake. Iliishia kwa sita.

Akaitafuta picha. Mkulima yule hakuwa amekosea chochote. Jani lilionekana vizuri kuliko mengi aliyoyaona wiki hiyo. Mahindi yenye njaa ya mbolea huanza kugeuka manjano kwenye majani makuukuu ya chini. Haya yalikuwa yameanza kwenye majani machanga ya juu, yakakauka kingo kuelekea ndani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Toleo la nne halikujua, na liliandika jibu lake bila wasiwasi: ongeza mbolea, tazama tena baada ya siku kumi na nne.

"Hukukosea, mama," Gentrix akasema. "Usiongeze kitu kingine. Kesho nitakuja mwenyewe."

Alipokata simu aligeuka kwa Chrispinus Wanzala, mkuu wake, ambaye meza yake ilikuwa hatua tatu kutoka pale na alikuwa amesikia yote.

"Tusimamishe," Gentrix akasema. "Wote wahamie toleo la tano leo."

Chrispinus alivua miwani akajikanda pua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ripoti ya kuwapelekea wafadhili Ijumaa, na wafadhili walitaka wiki tatu kamili. "Zimebaki siku mbili, Gentrix."

"Siku mbili shambani si siku mbili za hapa."

"Najua. Lakini umesahau ya Ekero?"

Hakuwa amesahau. Wiki ya pili ya majaribio, toleo la tano lilimwamuru mzee Osundwa wa Ekero kung'oa mahindi aliyoyapanda kando ya miwa yake, na kumbe yalikosa madini tu. Mzee aling'oa yote, kwa kutii.

"Mbolea isiyohitajika mtu anaweza kusamehe," Chrispinus akasema. "Ukishamwambia mtu ang'oe, hakuna kurudisha. Ukihamisha watu elfu tatu leo kwa sababu ya simu moja, keshokutwa utapigiwa na wale waliong'oa bure."

Gentrix alijua ni kweli. Hilo ndilo lililomchosha zaidi ya yote. Angekuwa na toleo zuri na toleo baya, angegombana naye mpaka kieleweke. Alichokuwa nacho ni matoleo mawili yaliyokosea kwa njia mbili, na tofauti ya asilimia nne tu ya majibu sahihi kati yao.

Kesho yake kabla ya saa tano alikuwa amefika Lumakanda. Mama Kiptoo alimpokea langoni, mwanamke mrefu aliyejifunga leso kiunoni, akamsalimu kwa mikono miwili na kumpa chai kwanza, kana kwamba mgeni hakuja kwa jambo baya. Walipoingia shambani Gentrix aliona kabla hajaonyeshwa. Upande wa Phanuel ulikuwa na pengo jeusi mwanzoni, kisha mahindi mabichi hadi mwisho. Upande huu manjano yalikuwa yamesambaa kutoka kwenye ua hadi karibu na zizi la ng'ombe.

"Niambie sasa," Mama Kiptoo akasema. "Kwa nini mimi na yeye?"

Njiani Gentrix alikuwa amejitungia maelezo mazuri kuhusu mashine na kujifunza. Yote yakamtoka.

"Kuna programu mbili, mama. Tulikuwa tunazipima tuone ipi inajua zaidi. Tuliwagawa watu kwa nambari ya mwisho ya simu. Yako ni sita. Ya Phanuel ni tatu."

Mama Kiptoo alitoa simu yake akaitazama. "Nambari ya simu."

"Ndiyo."

"Na mimi niliulizwa?"

Aliulizwa, tuseme. Siku ya kujiandikisha kila mkulima alitumiwa ujumbe mrefu wa masharti, akabonyeza moja kukubali. Gentrix ndiye aliyeuandika, na aliujua urefu wake.

"Hukuulizwa vile unapaswa kuulizwa," akasema. "Nisamehe, mama."

Mama Kiptoo aliinama akang'oa shina la kwanza, akakung'uta udongo, akaliweka chini. Gentrix akavua viatu vya ofisi, akapandisha suruali, akaanza mstari wa pili. Waling'oa bila mazungumzo mengi. Saa nane Phanuel alivuka ua, mwanamume mfupi mwenye aibu ya mtu aliyeponea mahali mwenzake alipoumia, akashika mstari wa tatu. Mvua ilipotishia walikuwa wamerundika mashina yote kando, na nusu ya shamba ilikuwa wazi. Gentrix hakuweza kunyoosha mgongo.

Ofisini Alhamisi alimwambia Chrispinus alichokiamua, na safari hii hakuomba. Kila picha ingepita katika matoleo yote mawili kwanza. Yakikubaliana, mkulima ajibiwe papo hapo. Yakipingana, jibu lisitoke mpaka mtu aitazame.

"Picha ngapi kwa siku hupingana?" Chrispinus akauliza.

"Nimezipitisha za jana zote. Mia moja na arobaini."

"Na huyo mtu ni nani?"

"Unamwona hapa."

Chrispinus alivaa miwani, akafungua ripoti yake. Ijumaa ripoti ilienda kwa wafadhili ikiwa na siku ishirini badala ya ishirini na moja, pamoja na ukurasa mmoja juu ya mashamba mawili ya Lumakanda na lile la Ekero. Wafadhili walilalamika, kisha wakakubali. Hakuna aliyeongezwa kazini.

Basi Gentrix alitazama picha mia na arobaini kila siku, Juni yote na Julai. Kwa zenye shaka alimpigia mkulima simu. Alimpigia pia mzee Osundwa, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akakata. Siku nyingine alisinzia akiwa ameshika kipanya cha kompyuta.

Agosti walianza kuandaa toleo la sita, na picha za kulifunza zilihitajika. Gentrix alimpigia Mama Kiptoo mwenyewe, akamweleza polepole picha zake zitatumika vipi, zitakaa wapi, na kwamba anaweza kukataa.

Mama Kiptoo akauliza, "Hiyo mpya itajua ugonjwa huu?"

"Itajaribu. Siwezi kukuahidi."

Kwa mbali ng'ombe alilia.

"Tumia," Mama Kiptoo akasema. "Lakini hapo penye munaandikanga, andika kwamba picha ilikuwa sawa."

Gentrix akaandika hivyo, kisha akafungua picha iliyofuata.