Hasi Nane Toa Hasi Tano

Mzaha mzaha hutumbua usaha, na mzaha huu Mzee Mdoe aliuanzisha mwenyewe. Kila akishuka kuchimba kisima, bintiye Husna hukaa ukingoni na daftari la hesabu, akimtupia maswali ya namba chanya na hasi. Usawa wa ardhi ni sifuri. Kwenda chini ni hasi. Mtoto anajizoeza kwa ajili ya mtihani, na baba akijibu, walio juu wanajua bado anavuta hewa.

Leo alikuwa mita hasi kumi na nne, chini kuliko kisima chochote alichowahi kuchimba pale Mkata. Shimo lilikuwa jeusi tii, na Husna hakulipenda hata kidogo.

"Baba! Hasi sita ongeza tisa?"

"Chanya tatu!"

"Nne toa kumi?"

"Hasi sita! Nipe gumu, wewe!"

Husna akapata moyo, akalitafuta gumu.

"Hasi nane toa hasi tano?"

Sululu iliacha kugonga. Kisha sauti ikaja, nzito, ya mtu aliyekatizwa usingizi. "Hasi... kumi na tatu."

Baba mdogo Hiza, aliyeshika kamba pamoja na vijana wawili, akacheka. "Hata mimi ningesema hivyo."

"Baba mdogo, mvuteni!"

"Kwa kukosa hesabu? Basi shuleni mngevutwa wote!"

Swali hilo hilo Husna alilikosa wiki iliyopita, na baba akamrudishia mara ishirini, pale jikoni, mpaka uji ukaungua: kutoa hasi ni kuongeza, mwanangu. Baba yule hawezi kulikosa akiwa na akili zake.

"Baba! Moja ongeza moja?"

Kimya. Hiza hakucheka tena.

Wakavuta kamba iliyompita baba kwapani. Husna akahesabu mafundo, moja kwa kila mita, maana asingehesabu angepiga mayowe. Hasi kumi. Hasi saba. Kamba ilikuja nzito kama imefungwa gunia. Hasi mbili, kichwa kikatokea, kimelala begani.

Walimlaza juu ya udongo aliouchimba mwenyewe. Hiza akavua shati akampepea. Muda ukapita, mrefu mno, ndipo baba akakohoa, akafungua macho, akamtafuta binti yake.

"Nimekungoja sana, mwanangu," alinong'ona. "Mbona hukuniuliza lile gumu?"