Pua ya Mama Prezida

Kama hujawahi kuona pua ya mtu mmoja ikijaza ukuta mzima wa salle ya parokia, ukumbi wetu wa mikutano, basi hukuwa hapa kwetu Kingi, Masisi, siku ile ya majaribio. Pole sana. Pua ile haitarudi tena.

Wa kulaumiwa ni Josiane. Tunampenda, ni binti wa hapa, lakini wa kulaumiwa ni yeye. Alikwenda Goma kusoma mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, akarudi na miwani ambayo hatukumwona akiondoka nayo, na fani ngeni kabisa: kazi yake ni kupanga jinsi watu watakavyogusa vioo vya mashini ili mashini zielewe wanataka nini. Mjomba wake alipoulizwa kwenye pombe mtoto amesomea nini, alijibu, "Vidole." Wakamuuliza, dawa za vidole? "Hapana, vidole tu," akasema, akaagiza kikombe kingine ili mazungumzo yahamie kwenye ng'ombe.

Sasa, ushirika wetu wa maharagi, unaowaunganisha wakulima wa Masisi na wa Walikale, ulikuwa umepata tableti. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi: mkulima analeta gunia kwenye depo, gunia linapimwa, kilo zinatokea kwenye kioo, mkulima anagusa kusema amekubali. Lakini mtu lazima abuni kioo hicho, na wabunifu walijitokeza wawili, Josiane wa huku na Floribert wa Walikale. Atakayeshinda angepewa kazi ya kuweka vioo katika depo zote. Atakayeshindwa angepanda moto, ile pikipiki ya abiria, na kurudi alikotoka.

Josiane, ingawa ni binti wa hapa, sasa alikuwa akiishi Sake, kwa shangazi yake Verdiane, ambaye hukaanga mandazi pale njia zinapokutana. Shangazi Verdiane hakuwa na imani na vidole. Alikuwa ameshamshonea Josiane aproni, na ili asisahau, alimtumia foto yake kwenye simu: aproni ya kitenge cha kuku wekundu, mfuko mkubwa mbele, na maneno chini yake, "Inakungojea."

Josiane alikuwa akiiangalia ile foto kila asubuhi, kama vile mwizi anavyoangalia mlango wa polisi.

Siku ya majaribio Floribert alifika akiwa amechomekea shati, viatu vyake vikiwa na matope ya barabara lakini soksi zikiwa nyeupe, siri ambayo hadi leo hatujaijua. Yeye alikuwa muumini wa kalamu.

"Dada Josiane, vidole vya walimaji viko kama magome ya muti," alimwambia mbele ya watu. "Kioo hakiwezi kuvisikia. Kalamu njo dawa." Akaonyesha tableti yake: kalamu maalum, nyeusi, imefungwa kwa kamba imara. "Na kamba hii ni juu ya nyinyi watu wa Masisi. Munabeba biki za watu hata mu kanisa."

"Na nyinyi wa Walikale munatega kila kitu na kamba," Josiane akamjibu. "Sasa mumetega hata kalamu. Munangojea ianguke nini humo, swala?"

Watu wakacheka, Floribert naye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Hapo njo Mama Constance akaingia. Huyu ni prezida wa ushirika, na njo yeye peke yake angeamua nani ashinde. Kitenge kipya, kilemba kirefu, mwendo wa mtu anayejua viti vitampisha. Josiane alimwona, akaikumbuka aproni. Mtu akiogopa kuku wekundu anaweza kufanya lolote. Kwenye kioo chake butoni ya kusema "Nakubali" ilikuwa duara la kijani tu, lisilo na kosa. Josiane akaliondoa. Mahali pake akaweka foto ya Mama Constance akitabasamu.

Floribert alichungulia, akaona. Watu wa Walikale hawapendi kuachwa nyuma katika kubembeleza. Naye akaweka foto ileile kwenye tableti yake, kubwa kidogo.

Projekta ya padri ikawashwa, shuka ikatundikwa ukutani ili kila mtu aone kinachotokea kwenye kioo. Wa kwanza kuitwa kwenye tableti ya Josiane alikuwa Papa Jean-Bosco, mkulima wa hapa Kingi, mtu wa kofia.

"Papa, kilo zako hizi hapa," Josiane akasema. "Kama unakubali, gusa hapo ku foto."

"Ku foto ya Mama Prezida?"

"Ndiyo, Papa."

"Nimuguse Mama Prezida mu sura? Na kidole?" Papa Jean-Bosco akageuka nyuma. "Na bibi yangu iko pale?"

"Gusa!" bibi yake akapiga kelele. "Lakini tutaongea nyumbani!"

Papa Jean-Bosco akafanya kama angefanya mtu yeyote aliyelelewa na mama. Akavua kofia, akainama, akanyosha mikono yote miwili, viganja vikiwa wazi, jinsi unavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa, akaiweka kwa adabu kwenye mashavu ya Mama Prezida, huku na huku.

Na hapa lazima niwaeleze kosa la Josiane. Alikuwa amewahurumia wazee wenye macho mabovu, akapanga kwamba mtu akiweka vidole viwili kwenye kioo na kuvitenganisha, maandishi na kila kilichopo kikue. Alikuwa amefikiria vidole viwili. Mikono miwili hakuifikiria.

Mama Constance akaanza kukua.

Kwenye shuka kilemba kikatoka juu, kidevu kikatoka chini. "Anakuja!" akalia Papa Jean-Bosco, akarudisha kichwa nyuma, na kadiri mikono yake ilivyoachana ndivyo sura ilivyozidi kutusogelea, mpaka ikabaki pua. Pua tupu, ukuta mzima.

"Bibiche, musaidie!" watu wakasema. Mama Bibiche, jirani yake, akaja mbio kumrudisha prezida nyuma. Lakini naye alilelewa. Huwezi kushika pua ya mkubwa bila kuomba radhi. Akainama, akasema "Tusamehe, Mama," akaweka mikono miwili. Shuka ikajaa tundu moja.

"Gunia zipitie hapo sasa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Hata kamyo ya mizigo inaenea!"

Salle nzima ikafa kwa kicheko, isipokuwa kiti kimoja.

"Josiane," akasema Mama Constance.

"Ndiyo, Mama Prezida."

"Kile kitu ku ukuta iko nini?"

Josiane akaiangalia shuka kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. "Iko... ni weye, Mama."

Ikaja zamu ya Floribert, ambaye kwa furaha alisahau hata kuficha meno. Akamwita mzee wa kwao, Papa Sebahire, mwindaji aliyeshuka naye kutoka Walikale. Akampa kalamu. "Papa, choma tu hapo ku foto, kidogo."

Papa Sebahire akaishika kalamu, akapima uzito wake, akamwangalia Mama Constance wa kwenye kioo, kisha Mama Constance wa kwenye kiti.

"Mutoto, mimi niko mwindaji," akasema. "Nikishika kitu cha ncha, nikikiangalisha mu sura ya kitu kingine, tunakula jioni. Huyu iko prezida wetu. Sitaki."

Akafunga mjadala kwa kuchomeka kalamu nyuma ya sikio, kama alivyozoea, akaenda zake kukaa. Kamba ilikuwa imara kama Floribert alivyotuahidi. Tableti ikamfuata. Ilianguka kutoka mezani, ikapita kati ya viti ikiburuzwa kama mbuzi anayekataa soko, na Floribert nyuma yake akiwa amepiga magoti, soksi nyeupe zikisafisha sakafu.

Mama Constance akasimama.

"Mumoja amenifanya pua. Mwingine ametaka nichomwe. Nitakula kwanza. Nikimaliza, mwenye kioo chenye kitanipatia heshima yangu, njo atapata kazi. Na mutu asibadilishe ile foto. Nilitoka muzuri."

Tukatoka kula. Bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharagi, kama kawaida ya mikutano yetu, ambako ajenda halisi huwa kwenye sufuria. Mlangoni alikuwa amekaa Koko Mukamurenzi, mama mukwe wa Mama Constance, aliyekuja si kwa ajili ya tableti bali kwa ajili ya sahani. Neno lake lilikuwa moja: "Chumvi." Alilisema kila alipomeza.

Josiane hakula. Alikaa karibu na sufuria na ordinatere yake magotini, moshi ukimtoa machozi, na huenda si moshi peke yake. Mbele yake watu walikuwa wakipokea sahani. Papa Jean-Bosco, mikono miwili. Mama Bibiche, mikono miwili. Papa Sebahire, kalamu bado iko sikioni, kamba imeshakatwa, mikono miwili. Hakuna aliyepokea bugali kwa kidole kimoja.

"Mimi nilibunia watu gani?" akanong'ona. Akaanza kuandika haraka.

Tuliporudi ndani, tableti ilikuwa na amri mpya. Kukuza maandishi kulikuwa kumefutwa. Kidole kimoja hakifanyi kitu. Viganja viwili vikitua pamoja, mashini inahesabu kwamba mtu amekubali, na inashukuru.

Papa Jean-Bosco akavua kofia tena, akainama, akaweka mikono, akafumba macho akingojea pua.

"Asante, Papa Jean-Bosco," mashini ikasema, kwa sauti ya Josiane.

Akafumbua jicho moja. Mama Prezida alikuwa mzima, kilemba na yote. Papa Jean-Bosco akapigiwa makofi kana kwamba ndiye aliyeokoa maisha ya Mama Prezida. Mama Bibiche akafuata, akashukuriwa. Papa Sebahire akafuata, akashukuriwa, akaomba ashukuriwe tena.

"Ngojeni," Floribert akasema, akasogea na kidole chake kimoja kirefu. Akagusa. Kimya. Akagusa tena, kwa nguvu. "Imekufa!"

"Haiyakufa," akasema Mama Bibiche. "Inakungojea upate adabu."

Ikabaki gunia la mwisho, la Mama Constance mwenyewe. Akasimama mbele ya foto yake, akanyosha mkono wa kulia peke yake, jinsi anavyotusalimia sisi sote. Kimya. Akaondoa, akanyosha tena.

"Mama," Josiane akasema taratibu, "inataka mikono miwili. Na kuinama kidogo kunasaidia."

"Nijiinamie?" Mama Constance akageuka, akatuangalia wote. "Mimi nikijiinamia mwenyewe, nani amebaki wa kuinamiwa?"

Swali lilikuwa zito. Hata padri alilitafakari. Floribert akaanza kurudisha shati ndani ya suruali, kama mtu anayejiandaa kupongezwa, na Josiane, mimi nilikuwa karibu naye, alisema wazi kwamba anasikia harufu ya mafuta ya mandazi.

Mama Constance alikuwa ameshaanza kurudi kitini kutangaza.

"Chumvi," sauti ikasema mlangoni.

Josiane akaruka viti viwili. Tukasikia simu yake ikipiga foto, *kwacha*, tukamwona akirudi mbio, akapapasa ordinatere yake, na kwenye shuka, pale ilipokuwa sura inayotabasamu, ikatokea sura isiyotabasamu hata kidogo: Koko Mukamurenzi, ukuta mzima, na punje ya haragi kwenye kidevu.

Mama Constance akageuka, akaiona. Hatukumwona akifikiri. Mwili ulitangulia. Kitenge kikanyoshwa, kilemba kikashuka, magoti yakakunjwa, na mikono miwili ikatua kwenye kioo laini kama jani.

"Asante, Mama Constance," mashini ikasema.

"Maharagi hayakuwa na chumvi!" Koko akaongeza kutoka mlangoni.

"Unisamehe, Mama mukwe," Mama Constance akaiambia tableti, bado ameinama. "Kesho nitaongeza."

Hakuna aliyecheka. Nasema uongo: tulicheka mpaka mbwa wa parokia wakajibu. Lakini Mama Constance aliponyanyuka, hukumu ilikuwa imeshatoka. Mashini iliyoweza kumpigisha yeye magoti, alisema, hakuna mkulima wa Masisi wala wa Walikale atakayeidanganya kilo zake. Josiane apewe kazi. Na kila mkulima awekewe foto ya mama mukwe wake.

Floribert hakupandishwa moto. Alipewa kazi ya kuzipata hizo foto, kijiji kwa kijiji, kutoka Kingi mpaka ndani ya pori la Walikale. Mpaka leo anazunguka. Wamama wakwe hawataki kupigwa wakiwa wanalima, wanakwenda kubadilisha kitenge, na wakirudi wanamuuliza kama ameoa. Soksi zake sasa zina rangi ya barabara. Kalamu yake iko bado Walikale, sikioni kwa Papa Sebahire.

Na Josiane? Hajaolewa, kwa hiyo mama mukwe hana. Tulitaka kujua kwenye tableti yake ya majaribio ameweka nani. Siku moja aliiacha mezani, tukachungulia.

Alikuwa Shangazi Verdiane, amesimama kwenye njia panda ya Sake, ameshika ile aproni ya kuku wekundu, ameinyosha mbele kwa mikono miwili.