Kuku wa Marehemu

Yai la kwanza lisilo na ganda lilitoka asubuhi ile ambayo mgeni wa mwisho wa msiba aliaga na kuondoka. Mama mkwe aliingiza mkono kiotani, akagusa kitu cha moto kikabonyea, akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa jicho la mtu. Alipoinama akaona ni yai, umbo lote la yai, ila limefunikwa na ngozi nyembamba tu, na kiini kinacheza kwa ndani. Alilibeba kwa viganja viwili mpaka jalalani, akalifukia kwa mguu, asimwambie mtu.

Mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja tu, mkwewe, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na wao wawili hawakuwa na mazungumzo. Si kwamba waligombana. Mama huyu alikuja kumsaidia binti yake atakapojifungua, akaleta vijinguo vya mtoto na mafuta ya kumkandia mzazi. Binti akaenda hospitali na uchungu wake, mama akabaki kuangalia nyumba, binti akarudi maiti, na mtoto naye hakuwahi kulia hata mara moja. Wakazikwa pamoja. Tangu hapo mama hakujua aondoke vipi, na fundi hakujua amwambie nini, basi wakabaki nyumba moja kama abiria wawili wa basi lililoharibika njiani. Asubuhi ni "Shikamoo, Mama," na "Marahaba, baba." Jioni sahani inawekwa mezani imefunikwa, inaliwa, inaoshwa.

Kuku walikuwa wa marehemu. Aliwafuga nyuma ya nyumba, majike watupu, kwenye banda la mbao na wavu ambalo mumewe alimtengenezea, na kila mmoja alimpa cheo chake. Mweupe mwenye maringo alikuwa Bi Harusi. Jike kubwa jekundu, ambalo halikubali mwingine ale kabla yake, lilikuwa Meneja. Yule asiye na manyoya shingoni alimwita Kola, akidai kwamba ametoka nyumbani kwa haraka akasahau shati. Mumewe alikuwa akimtania, "Hawa lini watadai likizo?" Naye alimjibu kwamba wao wanafanya kazi kila siku, si kama mafundi wanaoahidi geti Ijumaa likatoka Ijumaa ya mwezi mwingine.

Sasa mama mkwe ndiye aliyewamwagia pumba na kuwabadilishia maji. Hakuwahi kupenda kuku. Aliwahudumia kwa sababu walikuwa kitu pekee cha binti yake ambacho bado kilipumua.

Mayai laini yaliendelea. Mengine aliyakuta yamenata kwenye nyasi za kiotani, mengine yamepasuka, na siku moja alimfumania Meneja akilidonoa moja huku uteute unamning'inia mdomoni. Hapo akaona hawezi kukaa kimya.

Fundi alikuwa uani anakata chuma. Alikuwa ameihamishia mashine nyumbani, kwani kule karakana kila aliyepita alimpa pole, na kila pole ilimrudisha makaburini. Aliiweka ubavuni mwa banda, palipokuwa na kivuli, na kutwa nzima ililia kwa sauti ya kutoboa masikio, cheche zikirukia wavu.

"Baba," mama mkwe aliita mashine ilipotulia. "Kuku wanataga mayai laini."

"Laini vipi, Mama?"

"Hayana ganda. Ngozi tupu."

Fundi alivua miwani ya kazi, akafuta jasho. "Labda ni chakula."

"Chakula nawapa mimi," alisema mama, na mlango wa mazungumzo ukafungwa hapo. Kisha akauongezea komeo. "Mimi naona ni hizo kelele."

Fundi alisubiri mpaka mama alipoingia ndani, akavaa shati, akaenda duka la dawa za mifugo.

Muuzaji alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye peni nyuma ya sikio. Alimsikiliza huku akipima mashudu, akamweleza kwamba ganda linajengwa kwa chokaa, na kuku asipoipata kwenye chakula ataitoa kwenye mifupa yake mwenyewe mpaka iishe. Akasema pia kwamba joto, maji machache na hofu vyote huharibu mayai. Kuku aliyeshtushwa anaweza kulitoa yai kabla ganda halijashika.

"Zamani walikuwa wanataga vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Mlikuwa mnawapa nini?"

Fundi akafungua mdomo, akagundua hajui. Miaka yote ile alikula mayai yale bila kuuliza. "Mke wangu ndiye anayejua," alisema.

"Si umpigie basi? Simu hiyo mkononi."

Fundi alitazama simu yake kwa muda kama mtu anayetafuta namba. "Nipe hiyo chokaa tu," akasema.

Aliporudi alimweleza mama mkwe yote, akiwa amesimama mlangoni mwa jiko bila kuingia. Chokaa ya mifugo ichanganywe na pumba. Maganda ya mayai yakaushwe, yapondwe, wawekewe pembeni wadonoe wenyewe. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliposikia habari ya maganda, vidole vikasimama juu ya ungo. Wakati anasafisha jiko baada ya mazishi, alikuta nyuma ya mtungi kopo la maziwa lenye unga mweupe wa chengachenga. Aliona ni uchafu uliosahauliwa na mjamzito aliyechoka, akaumwaga, akaliosha kopo, akaweka chumvi.

"Nimesikia," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Hakumwambia. Kesho yake alijifunga kanga vizuri, akaenda mgahawa wa jirani kuomba maganda. Mpishi, mwanamume mwenye tumbo lililomtangulia, alimcheka kidogo. "Mama, watu wanaomba mayai, wewe unaomba nguo zake?" Mama alijitahidi kutabasamu, meno yakakataa. Alirudi na mfuko umejaa, akakaa kwenye kigoda akiponda, kinu kati ya magoti, mpaka bega likamuuma, na hata hapo hakuacha.

Fundi naye, bila kuambiwa, aliipakia mashine kwenye mkokoteni akairudisha karakana. Pole zilimngoja huko huko. Alizipokea zote.

Kwa Kola walikuwa wamechelewa.

Mama mkwe alimkuta adhuhuri amejikunja kwenye kona ya banda, mkia umeshuka, macho nusu yamefumba. Kila baada ya kitambo mwili wote unajikaza, anasukuma, hakitoki kitu, analegea. Mama alisimama pale, wavu ameushika kwa vidole vyote kumi. Alijua anachokiona. Akampigia mkwewe simu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Njoo," alisema. "Mmoja anashindwa kujifungua."

Alikuwa amekosea neno, na wote wawili walilisikia.

Fundi alikuja mbio na mavazi ya kazi. Alikuwa amempigia muuzaji wa dukani akiwa njiani: maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kuku aketishwe humo maji yamfike tumboni, mafuta kidogo pale pa kutokea, na asibinywe hata kidogo, kwani yai laini likipasukia ndani, kuku huoza akiwa hai. Mama akapasha maji. Fundi akachuchumaa, akamshika Kola kwa mikono yake yenye makovu ya moto, kuku akatulia ndani ya beseni kama mtoto anayeogeshwa, shingo yake isiyo na manyoya imelala juu ya kifundo cha mkono wa fundi.

Walikaa hivyo muda mrefu. Kuku alijikaza, akalegea, akajikaza.

"Waliniambia ulichelewa," mama mkwe alisema ghafla, macho kwenye maji.

"Nani, Mama?"

"Watu, pale msibani. Walisema ulikuwa juu ya paa la mtu unachomelea, simu inaita huipokei."

Fundi hakushtuka. Alikuwa akilingoja neno hili siku zote, ila hakujua litakuja na beseni. "Nilikuwa juu ya paa, ni kweli. Simu ilipoita mara ya pili nikashuka. Nilimkuta hospitali bado anaongea, Mama. Hawakuwa wananingoja mimi. Chumba cha upasuaji ni kimoja, na ndani alikuwamo mwanamke mwingine. Tukawekwa kwenye ukumbi, kwenye kitanda cha magurudumu. Tukangoja."

"Hamkupiga kelele?"

"Nilipiga. Nilimshika nesi mkono akaniambia, kaka, nami naona unachokiona. Yule wa ndani naye alikuwa anatoka damu."

Mama aliongeza maji ya moto kwenye beseni, kidogo kidogo, akichanganya kwa mkono ili yasimwunguze kuku. "Alisema nini?"

"Alikuwa na maumivu mengi."

"Nimekuuliza alisema nini."

"Aliuliza kama kuku wamepewa maji, maana jua lilikuwa kali. Nikamwambia, mama yako yupo nyumbani, amewapa. Akasema, haya. Baada ya hapo hakusema neno la maana tena."

Mama mkwe alikaa chini kabisa, kwenye udongo uliolowa. "Nilikuwa nimewapa," alisema. "Niliwapa mara mbili siku ile."

Alilia kwa sauti ndogo, kikohozi kikavu kilichokatikakatika. Fundi hakuweza kumgusa. Ni mama mkwe, na mikono yake ilikuwa imemshika kuku. Alibaki amechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni Kola alitoa kipande cha ngozi iliyochanika na uteute wa njano wenye damu. Yai lilikuwa limepasukia ndani. Wakamlaza kwenye boksi lenye matambara, lakini kulipokucha tumbo lilikuwa limevimba na kuwaka moto, na hakuinua kichwa hata alipowekewa maji mdomoni.

"Mchinje asiteseke," mama alisema.

Fundi alichukua kisu, akakirudisha mezani. "Siwezi, Mama. Wengine nitaweza, huyu siwezi."

Mama alikichukua yeye. Alimaliza kwa mkono mmoja wa haraka, kama aliyefanya kazi ile maisha yake yote. Kisha, kwa sababu hakuna aliyemzuia, akampasua. Ndani ya uozo ule, yai bovu na maji machafu, vilikuwamo viini vilivyopangana kama shanga, kimoja kikubwa, kinachofuata kidogo, kinachofuata kidogo zaidi, mpaka vidogo kama punje za ulezi. Mayai ya wiki ijayo na ya mwezi ujao. Mama alivitazama mpaka nzi wakaanza kutua. Akamfunga Kola kwa gazeti, akamwambia fundi achimbe shimo refu ili mbwa wasimfukue.

Waliobaki walipona polepole. Kwanza mayai yalitoka na ganda la chengachenga kama msasa, kisha jembamba la kupasuka ukilishika, na hatimaye siku moja mama aliligonga moja kwenye ukingo wa sufuria, likakataa, akaligonga tena. Alilikaanga, akamwekea mkwewe mezani. Walikuwa wanakula pamoja sasa, ingawa bado walizungumza kama watu wanaokanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Kesho kutwa nitaondoka," mama alisema.

"Kaa, Mama. Nyumba hii ni yako."

"Nikae hapa kama nani, baba? Utaoa siku moja. Usikatae, wewe bado kijana. Mkeo atanikuta jikoni aulize, huyu nani? Utamjibu nini?"

Fundi alimwomba achukue kuku. Mama alikataa, akasema wamezoea banda lao. Kabla ya kuondoka alimwonyesha namna ya kuponda maganda na kiasi cha chokaa, na akamwambia, akiwa ameshageuka kufunga mkoba wake, kwamba kopo la binti yake alilimwaga yeye.

"Nilijua, Mama," alisema fundi. "Nililiona lina chumvi."

Mama hakuomba msamaha.

Tangu hapo mama humpigia simu kila Jumapili. Huuliza wanataga wangapi, ganda likoje, Meneja ameacha kula mayai au bado. Fundi humjibu. Bi Harusi alikufa kwa uzee, akamwambia. Karakana imepata kazi ya shule, akamwambia. Habari za makaburi hakuna aliyezigusa.

Jumapili moja mama aliuliza, "Na wewe unakula?"

"Nakula, Mama."

"Unakula nini?"

"Mayai."

Kwenye simu ikasikika sauti fupi ya kicheko. Kisha kile kikohozi kikavu kikaanza, na fundi, akiwa amesimama uani na ndoo ya maji mkononi, akangoja mpaka mama alipomaliza.