Muhuri wa Vipande Kumi na Saba

Ghorofa ya chini ya jengo letu ilikuwa imejaa wenyeviti wastaafu. Walikuwa watatu, kila mmoja na veranda yake, na wote tuliwachagua kwa kazi moja tu: kumbana mwenye nyumba atengeneze lifti. Wakala wake hakuwahi kuwakatalia. Aliwasikiliza, akawaonea huruma kwa kupanda ngazi, akawahamishia chini. Na mtu akishahamia chini, lifti humtoka akilini. Wa kwanza alidumu miezi minne, wa pili mitatu. Wa tatu tulimchagua Jumapili, Jumanne akahama.

Mimi ni fundi cherehani, naishi ghorofa ya nne na mama yangu, ambaye magoti yamemgomea. Tangu lifti ife, miaka mitatu sasa, alikuwa hajakanyaga ardhi. Nilimwogesha, nilimpikia, nilimchagulia hata dirisha la kukaa. Kwa hiyo mkutano wa kumchagua mwenyekiti wa nne ulipoitishwa, nilijishonea gauni. Sioni haya kusema: nilikuwa na uhakika, na kola ilikaa vizuri.

Kinyozi wa ghorofa ya tatu ndiye aliyeniharibia.

"Jamani," alisema, "chini imebaki nyumba moja tupu. Tukimchagua mtu leo, tumempangisha."

Watu wakaangua kicheko, naye akaendelea: tusiwe na mwenyekiti kabisa. Muhuri wetu wa mpira, ulioandikwa KAMATI YA WAPANGAJI, ukatwe herufi moja moja, kila nyumba ya juu ipewe yake, na barua isiwe barua mpaka wote wagonge. Nyumba za juu ni kumi na sita na herufi ni kumi na saba, kwa hiyo iliyozidi akapewa mlinzi, maana naye hupanda ngazi kuzima taa. Mkasi uliotumika ulikuwa wangu. Nilikata kwa hasira, M ikatoka na mguu mfupi.

Sisi tuliangukiwa na I ya mwisho. Nilipoingia nayo nyumbani, mama akanyoosha mkono.

"Lete."

"Mama, hii ni ya kazi."

"Ndiyo. Lete."

Akaitumbukiza kwenye soksi.

Barua ilituchukua wiki mbili, kwa sababu kila mmoja alitaka sentensi yake iingie. Mama mapacha wa ghorofa ya pili alitaka mapacha watajwe, mlinzi alitaka tochi. Wakala akajibu kwamba ataipokea Jumatatu tu, ofisini kwake jengo la jirani, na kila kipande kigongwe mbele yake na mwenye nacho. Alijua fika kwamba mama yangu hashuki.

Jumapili wakala akanifuata kwenye cherehani.

"Dada, mimi namjua kiongozi wa kweli hapa," akasema, akaweka ufunguo juu ya kitambaa. Ulikuwa wa ile nyumba tupu ya chini. "Mama akae verandani, apate jua. Kesho msije tu, wewe na yeye."

Niliutaka ule ufunguo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikapanda nao mbio, nikamweleza mama kila kitu. Akaugeuza ufunguo mkononi.

"Jua linafika pale verandani?"

"Mpaka alasiri."

Nikaona macho yamemlowa.

"Mrudishie," akasema. "Kisha waite wenzako, kesho wanibebe."

"Nipe hiyo I niende nayo mimi, mama. Nitawaambia mkono wangu ndio mkono wako."

"Miaka mitatu umekuwa mkono wangu, mwanangu. Nimechoka."

Ilinichoma, siwezi kudanganya. Nilirudisha ufunguo huku nalia.

Asubuhi tukamfunga kwenye kiti kwa mabaki ya vitambaa. Hakukuwa na wa kuamuru, kwa hiyo waliamuru wote, na kwa robo saa nzima kiti hakikutoka mlangoni. Nilishafungua kinywa niwanyamazishe, mama akaniwahi. Kila ghorofa iongozwe na wenyewe, akasema, wao ndio wanaozijua ngazi zao. Ikawa hivyo. Kinyozi alikijua kidato kilichovunjika. Mama mapacha aliijua kona inayogonga viwiko. Kwenye ghorofa ya kwanza fundi bomba alijua panapoteleza, kwani bomba linalovuja ni la kwake. Mimi nilishika mguu mmoja wa kiti, nikaambiwa kushoto, kulia, polepole, na nikatii. Chini wenyeviti wastaafu walitoka verandani, kila mmoja akatoa hotuba fupi ya kutuunga mkono, wakarudi kukaa.

Ofisini tukagonga mmoja mmoja. M ilichechemea, P ikatoka kichwa chini. Wakala alizunguka na ufunguo wake mkononi, akiuliza kiongozi ni nani, na kila aliyemuuliza alikuwa ameinama anapuliza wino. Mama akagonga wa mwisho, kwa nguvu mpaka meza ikalia.

"Imepokelewa," wakala akasema. "Jibu baada ya siku tisini."

"Haya. Nitasubiri."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Kupanda siwezi, si unajua lifti mbovu?"

Hakuwa anatania. Ofisi ikifungwa alilala kwa mke wa mwenyekiti wa tatu, ambaye alikuwa na aibu kuliko mumewe, na ikifunguliwa tukamrudisha. Tulipanga zamu za kukaa naye. Kinyozi akanyolea wateja palepale, mapacha wakalazwa juu ya mafaili. Wakala alimsihi kila mmoja wetu amwondoe, na kila mmoja alimjibu kwamba hilo ni la kamati, na kamati ni watu kumi na saba, na leo wengine wako kazini.

Siku ya nne mafundi wa lifti wakaja. Saa nane mchana, kupitia dirishani, tukasikia lifti inapanda, tukasikia inashuka. Wakala akanikimbilia.

"Dada, nakuomba, mchukue mama yako."

Wiki moja nyuma ningemnyanyua bila hata kumwambia tunakwenda wapi.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Akainama, akamuuliza. Mama akavuta karatasi ya zamu, akashusha kidole mpaka akapata alichotafuta. Alikuwa amejipanga na yeye humo, kwa mwandiko wake wa kutetemeka, kwa muda wa saa mbili kila siku kama sisi wengine.

"Zamu yangu inaisha saa kumi," akamwambia. "Nitaondoka saa kumi."

Nikakaa sakafuni kumsubiri.