Ngazi Zilizoachwa Wazi

Bwana Pask alikula kiapo kwamba alimwona kwa macho yake. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, alisema, birika limeanza kulia jikoni, ndipo Mzee Ambrose alipopita nje ya dirisha la boti yake, kofia kichwani, kizibao bila koti, ile hendeli yake ya chuma ya kufungulia maji ya mfereji ameichomeka nyuma ya mkanda. Alikuwa anateremka kuelekea kijijini. Wala hakuwa anazubaa, alisema Bwana Pask. Alikuwa anatembea kama mtu aliyechelewa kazini. Kwa kuwa siku hizi mzee haitikii salamu hata umpigie kengele, Bwana Pask hakumsumbua. Alikunywa chai yake, akakaanga mayai mawili, na habari ile ikamtoka kichwani mpaka Kezia alipomgongea paa saa mbili, nywele hazijachanwa, anauliza kama amemwona baba yake.

Ndiyo maana Kezia aliteremka. Alifuata njia ya ukingoni mwa mfereji, maili moja na nusu hadi kijijini, na chini ya kila daraja alisimama akajilazimisha kutazama majini. Kwa muuza mikate aliambiwa hakuna mzee aliyeingia. Kwenye baa walikuwa bado wanafagia. Alizunguka kanisa, akachungulia kibanda cha kungojea basi, akauliza wanawake wawili waliokuwa wanatoa takataka, nao wakamtazama viatu vyake vya matope kabla ya kumjibu hapana. Koti la baba yake alikuwa amelibeba mkononi tangu nyumbani. Umande wa usiku ulikuwa umegandia majanini mweupe kama chumvi, na mwezi ule wa Novemba jua linazama saa kumi. Kifua cha mzee kisingeweza kulala nje. Daktari alishasema: homa nyingine ya mapafu, basi.

Na kosa lilikuwa lake. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna njia nzima.

Jana jioni, tangu walipomaliza mchuzi wa kondoo, baba yake alimuuliza swali lilelile labda mara kumi na moja. Tunaondoka lini? Walikuwa wamefunga boti pale siku nane tu, na sheria ya mfereji inawapa watu wasio na gati siku kumi na nne kabla ya kung'oa vigingi na kusogea. Kezia alimweleza hivyo mara ya kwanza, na ya pili, na ya tano. Mwisho, akisugua sufuria, bila hata kugeuka, alisema, "Kesho, Baba. Kesho asubuhi tunapanda zile ngazi tano za maji." Mzee alitulia palepale. Alitundika kofia yake juu ya jiko la makaa ipate joto, akalala kama mtoto aliyeshibishwa. Kezia aliufurahia uongo ule. Alikaa akanywa chai peke yake kwa raha.

Aliporudi kutoka kijijini ilikuwa saa tano. Bwana Pask alikuwa amesimama ukingoni na ndala zake, anamngoja. Alikuwa karani wa bima kabla ya kustaafu na kununua boti, mtu mwema anayependa kueleza. Alianza kueleza upya, kofia, kizibao, hendeli. Kezia hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama chini ya sikio lake la kulia, ambako povu la sabuni lilikuwa limekauka likawa unga.

"Bwana Pask, ulikuwa unanyoa ulipomwona?"

"Nilikuwa nanyoa, ndiyo. Lakini nilimwona vizuri kabisa, binti. Alipita akielekea kushoto. Kushoto kwangu ni kijijini, hata mtoto anajua."

"Kioo chako cha kunyolea kiko upande gani?"

Bwana Pask aligeuka akaitazama boti yake. Kioo kilikuwa ukuta wa pili, mkabala na dirisha. Anayenyoa huligeuzia dirisha mgongo, anamwona mpita njia ndani ya kioo. Na mtu akishageuka vile, kushoto kwake si kijijini tena. Ni upande wa kupanda, kwenye ngazi.

"Mungu wangu," alisema. "Nimekupotezea saa tatu."

Kezia alikuwa ameshaanza kukimbia.

Ngazi ya kwanza ya maji ilikuwa nyuma tu ya kona, chumba kirefu cha mawe katikati ya mfereji, chenye milango ya mbao huku na huku. Boti inayopanda huingia maji yakiwa chini, milango inafungwa nyuma yake, maji yanaachiwa kutoka juu, boti inainuka nayo. Juu ya ukuta alisimama mwanamume na mbwa wake, amekunja uso.

"Ninyi watu wa maboti," alimwambia Kezia badala ya salamu. "Milango wazi, maji yote yanakwenda zake. Kwenu hamkufundishwa kufunga mlango?"

"Tangu saa ngapi iko hivi?"

"Nilipopita saa tatu naelekea juu ilikuwa hivihivi. Na huko juu ni hivyohivyo. Wahuni."

"Hukumwona mzee? Ana kofia, kizibao."

Hakumwona mtu, alisema, akavuta mbwa wake akaondoka.

Kezia alibaki anaitazama ngazi. Maji yalikuwa yameshushwa hadi usawa wa chini, na milango ya chini imesukumwa wazi pande zote mbili hadi imelala ukutani. Kila mwenye boti hufunga milango akipita. Anayeiacha wazi ni mmoja tu: yule aliyetangulia kwa miguu kuitayarishia boti ya kwao inayokuja nyuma, ili mama yake aliyeshika usukani asisubiri hata dakika. Ambrose alizaliwa ndani ya boti ya makaa ya mawe. Akiwa na miaka minane ndiyo iliyokuwa kazi yake, kutangulia ngazi baada ya ngazi, mchana kutwa, hendeli mkandani. Watu wote wa maboti waliokuwa hai walimjua kwa hilo, kwamba Amby, kama walivyomwita, hakuacha hata ngazi moja haijawa tayari.

Aliambiwa wanaondoka asubuhi. Basi ameondoka.

Mtu mwingine angekimbia kupanda kwa miguu. Kezia alishafanya hivyo majuma mawili nyuma, kwenye ngazi za bonde jingine, mzee alipotangulia hivihivi. Alimfuata mbio akimwita, na baba yake alipomwona anakuja bila boti aliingia ndani ya ua wa miiba akajificha humo. Boti iko wapi, aliuliza kutoka majanini. Boti haiachwi peke yake. Wewe ni mmoja wa wale wa kunipeleka nyumba ya wazee. Kezia alivyomsogelea ndivyo mzee alivyozidi kujipenyeza, akijikwaruza mikono. Ilibidi Kezia arudi, awashe injini, ailete. Ile injini ya zamani inagonga polepole, dug, dug, dug, unaisikia kabla hujaiona. Baba yake alitoka mwenyewe, damu mikononi, uso unang'aa, akamwambia, "Zote tayari, Mama." Hakuwa anamaanisha mama yake Kezia, Mama Nell, aliyezikwa miaka miwili iliyopita. Alikuwa anamaanisha mama yake yeye.

Kwa hiyo alirudi kwenye boti. Bwana Pask alikuwa ameshachukua simu yake kwenda kutafuta mtandao juu ya daraja ili aite msaada. Sauti yake ilisikika ikirudia kwamba ni daraja namba hamsini na nane, hapana, halina jina la barabara, namba imeandikwa hapohapo kwenye daraja. Kezia alizungusha injini, akang'oa vigingi viwili, akarusha kamba za omo na tezi juu ya paa bila kuzikunja.

Boti ya futi hamsini na saba haikimbii. Ukiongeza moto, maji yanavutwa kutoka chini yake, inakaa topeni, inakwenda polepole zaidi. Alijua hilo tangu ana miaka sita, na bado mkono wake ulikuwa ukiongeza moto, ukipunguza, ukiongeza. Kondoo waliokuwa wakila kando ya mfereji walitembea sambamba naye, wakamwacha.

Kwenye ngazi ya kwanza aliingia, akapanda ngazi ya chuma ya ukutani na kamba mkononi, akafunga milango, akainua kwa hendeli yake mwenyewe vidirisha vya kuachia maji, akangoja. Kungoja ndiko kulikomuua. Hakuna unachoweza kufanya maji yanapopanda. Alisimama ameshika kamba, akatazama matofali yaliyoinuliwa pembeni kwa ajili ya kukanyagia unapousukuma mlango kwa mgongo. Umande ulioganda ulikuwa umekwanguliwa mahali pa visigino viwili. Visigino vilivyokaa sawasawa. Mtu mwenye nguvu zake.

Alitoka bila kufunga nyuma. Hakuwahi kufanya hivyo maishani.

Ngazi ya pili ilikuwa tayari. Ngazi ya tatu ilikuwa tayari, na juu ya ule mti mrefu wa kusukumia mlango palikuwa na karatasi ya peremende ya mnanaa, imekunjwa ndogo kama baba yake anavyozikunja. Hapo alikaa. Hapo alimngoja. Kezia aliitia karatasi mfukoni, akapiga honi mara tatu, akasikiliza mpaka masikio yakavuma. Kunguru tu. Aliwaza jinsi mzee huyu alivyokuwa akimcheka kila siku, kwamba anasukuma mlango kama anayembembeleza ng'ombe apishe njia. Mgongo, Kezia, si mikono, una mgongo wa nini? Alisukuma kwa mgongo. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ua wa miiba.

Ya nne haikuwa tayari sawasawa. Maji yalikuwa chini, lakini mlango mmoja tu ndio ulikuwa wazi. Wa pili ulisukumwa nusu ukaachwa. Kwenye matofali visigino vilikuwa vimeteleza, mistari mirefu, mmoja juu ya mwingine, vimejaribu na kujaribu. Kezia aliusukuma mlango ule kwa pondo kutoka kwenye boti, huku akizungumza peke yake kwa sauti. Alisema mzee amechoka. Alisema amepumzika mahali, amechoka tu. Amekaa.

Saa tisa na robo aliiona ya tano. Milango ilikuwa imefungwa.

Aliiegemeza omo taratibu kwenye mbao za milango, akaacha injini ikigonga, akapanda ukingoni kwa magoti. Vidirisha vya maji vilikuwa vimeinuliwa vyote viwili na maji ya chumba yalikuwa yameshashuka. Hivyo kazi ya kwanza ilifanyika. Iliyobaki ni kufungua. Na hendeli ilikuwa bado imekaa kwenye jino la chuma la kuinulia vidirisha, imening'inia.

Hendeli haiachwi kwenye jino. Lilikuwa neno la kwanza baba yake alilomfundisha kwenye ngazi, kabla hata ya kuogelea: ukiiacha na kishikizo kinachozuia jino kikaponyoka, itazunguka kwa kasi ikupige mkono au kichwa, ikutupe ndani. Alimfundisha kwa kumchapa kofi moja, la kwanza na la mwisho. Mzee aliyesahau kuwa mkewe amekufa hakuwahi, hata siku moja, kusahau hendeli.

Matope yalikuwa na nyayo. Zilikwenda ukingoni kwenye chumba, na nyingine zilikwenda kwenye ua wa miiba, na zilikuwa zimekanyagana kiasi kwamba hakuweza kujua zipi zilikuwa za mwisho. Aliingia kwenye miiba hadi kifuani. "Baba," aliita. "Boti imefika. Isikilize." Alirudi, akalala kifudifudi ukingoni, akatazama chini. Futi nane chini maji yalikuwa meusi, yamefunikwa majani makavu kutoka ukuta hadi ukuta, na majani hayakusogea.

Alikwenda kuchukua pondo. Aliizamisha katikati ya majani, ikagusa tope. Akasogea hatua, akaizamisha, tope. Akasogea. Tope. Mara ya nne aliinyanyua, mikono ikakataa. Aliilaza chini polepole kana kwamba inaweza kuvunjika.

Angeweza kufungua milango ile mwenyewe. Maji yalikuwa sawa pande zote mbili na mgongo alikuwa nao. Lakini milango hufunguka kwa ndani, inafagia chumba chote mpaka ukutani, na nyuma yake ingeingia boti yenye uzito wa tani kumi na saba. Hakuweza. Sasa hivi, kwa dakika hii, baba yake alikuwa ama miibani ama majini, na maadamu milango imefungwa alikuwa miibani.

Alirudi kwenye usukani, mahali pa mama wa boti. Alilitandaza koti juu ya paa karibu na bomba la jiko lipate joto. Alipiga honi mara tatu. Aliacha injini igonge ili aisikie aliyezoea kuisikia, na akangoja, kwa kuwa kungoja alikuweza, macho hayatoki kwenye miiba. Mbali sana huko chini sauti ya mwanamume, labda Bwana Pask, ilikuwa ikiita jina lisilosikika vizuri. Kivuli cha kilima kilivuka mfereji kikapanda ukuta wa ngazi.

Aliita Baba. Aliita mara nyingi. Kisha alipangusa uso kwa mkono wa sweta, na aliposema tena hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema mwanamke aliyeendesha boti tangu alfajiri, ambaye mwanawe ametangulia.

"Amby," alisema. "Tumefika, mwanangu. Tufungulie mlango."