Mashine ya Shaame na Mbwa wa Helga

Mume wangu Shaame alikuwa kinyozi wa Mchangani. Wateja wake walimjua kwa maneno mengi na mkono mwepesi, lakini kazi yenyewe hawakuiona, kwa sababu kazi yenyewe aliifanyia nyumbani, Alkhamisi jioni, kabla vichwa vya Ijumaa havijamiminika. Alitandika gazeti sakafuni, akafungua skrubu ya mashine ya kunyolea, akatenganisha kisu cha juu na cha chini, akasugua kila kimoja juu ya kioo kilichopakwa mafuta na unga wa jiwe. Mimi nilikishika kioo kisiteleze. Visu viwili vya mashine moja, aliniambia, vimesagana mpaka vimezoeana. Ukikihamishia kimoja kwenye mashine nyingine, vyote viwili vinagoma. Akimaliza alirowesha kifundo cha pamba, akakipitishia mashine. Ikikata bila kuvuta, imenoleka. Ikivuta, tunaanza upya, na chakula kinapoa.

Mwaka wa Mapinduzi, siku zile za mwanzo mwanzo, watu wawili walipiga hodi wakasema wanamhitaji mara moja. Akavaa kofia akatoka nao. Mara moja hiyo ikawa miaka minne.

Sikulia. Najua watu hawapendi kulisikia hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwanzo nilikwenda kuuliza, na kila nilikokwenda nilielekezwa kwingine, hata nikachoka kuelekezwa. Kisha nikafa ganzi. Ukiukalia mguu vibaya, ukaubana kwa vidole, unahisi unambana mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Majirani walinambia subira yavuta heri, nami nikawa najiuliza hiyo heri inavutwa kwa kamba gani, mbona haifiki. Nilipata kazi ya kufua kwa Wajerumani waliokuja kujenga. Nikawa nafua, napika, nasali, nalala. Na kila Alkhamisi nilitandika gazeti.

Ndiyo, niliendelea kunoa. Kioo nilikiwekea kitambaa kibichi chini, kwa kuwa hakukuwa na wa kukishika. Mashine isiyonyoa haiishiwi makali. Adui yake ni kutu tu, na tone la mafuta ya cherehani kila mara lingetosha. Hilo nililijua. Lakini Shaame akirudi ghafla usiku wa kuamkia Ijumaa, sikutaka aikute inavuta.

Basi siku moja akaja Machano, mdogo wake Shaame, naye kinyozi, wa kule Miembeni. Aliniamkia, nikaitikia, nikampa chai. Akainywa yote kabla hajasema lililomleta, na hapo nikajua ni zito.

"Shemeji, miaka minne imeshatimia," akasema. "Nnakuomba twende kwa kadhi."

"Tukafanye nini?"

"Ahukumu. Ukae eda, umalize, uolewe ukitaka. Huwezi kukaa hivi, si mke si mjane."

"Na hukumu hiyo itasema nini?"

Akaangalia ndani ya kikombe kana kwamba kulikuwa kumebaki kitu. "Itasema Shaame keshakufa."

Macho yake yakaenda kwenye rafu, zilipokaa mashine za Shaame. Machano si mtu wa tamaa, na sitaki mtu amdhanie hivyo. Madukani siku zile hakukuwa na mashine mpya wala visu vyake, na zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha.

"Ile mashine namba mbili ningeichukua katika fungu langu la urithi," akasema. "Zangu zinang'oa nywele, shemeji. Jana mzee Nahodha kanitukana mpaka babu yangu, na babu yangu ndo babu yake!"

Siku nyingine ningecheka. "Ngoja Ijumaa," nikamwambia. "Ntakujibu."

Alipotoka nilibaki nimekaa palepale. Anayerithiwa ni maiti. Siku ile mashine itakapovuka mlango huu kwa jina la urithi, Shaame atakuwa amekufa, na mimi ndiye niliyeitoa. Jambo lilikuwa hilo tu.

Jumatatu nikaenda kazini. Helga, mke wa Mjerumani niliyekuwa namfulia, alinisubiri uani akiwa amepiga magoti kando ya mbwa wake. Nasema mapema kwamba Helga alikuwa mwema, maana watu wakisikia mzungu na mbwa hutaka awe mbaya. Mbwa aliitwa Morisi. Helga alikuja naye kwa meli kutoka kwenye baridi, na manyoya yake yalikuwa yamejisokota, mazito kama ya kondoo. Sasa yalikuwa yameshikana mabonge mabonge, yamejaa kupe, na mbwa mwenyewe alilala ubavu, ulimi nje, hataki chakula. Helga alikuwa amezunguka kwa vinyozi wengi wa mjini na wote wamemkatalia, na walikuwa na haki. Nani atakiinamisha kichwa chake chini ya mashine iliyotoka kwa mbwa?

"Bi Mwatima," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kusoma, "Morisi anaumwa. Joto litamuua. Ninasikia mume wako alikuwa kinyozi."

"Ni kinyozi," nikasema.

"Samahani. Ni kinyozi."

Nilimtazama mbwa. Sikumwonea huruma wala sikumchukia. "Muogeshe," nikamwambia Helga. "Mkaushe juani, kisha mchane mpaka kitana kipite. Huyu analala ufukweni, na chembe moja ya mchanga inaharibu kisu kuliko vichwa vya mwezi mzima. Nnakwenda nyumbani kuchukua mashine."

Nyumbani nikasimama mbele ya rafu. Shaame aliacha mashine tatu. Ya kwanza ndogo, meno membamba yaliyobanana, ya watoto wanaonyolewa siku ya saba. Hiyo ingeziba kwa manyoya kabla haijafika shingoni. Ya pili kubwa, meno mapana yaliyoachana, aliyoachiwa na babu yake aliyekuwa akinyoa punda. Kinyozi yeyote ukimwamsha usingizini angekwambia hiyo ndiyo ya mbwa: manyoya mazito yanataka meno mapana. Springi yake ililegea, lakini ningeweza kuikunja irudi, si kazi ya kumshinda mke wa kinyozi. Ya tatu ilikuwa namba mbili, ya Kijerumani, aliyoinunua Shaame mwaka tuliooana, ile niliyokuwa naishughulikia kila Alkhamisi.

Nikaichukua namba mbili.

Najua nilivyokuwa nikifikiri. Nilifikiri: ikishamnyoa mbwa, Machano hataweza kuipitisha kwenye kichwa cha Muislamu. Ikiwa hawezi kuitumia, haitaki. Ikiwa hakuna anayeitaka, hairithiwi. Na ikiwa hairithiwi, Shaame hajafa. Leo mawazo hayo yananitia haya, lakini siku ile yalikuwa yamenyooka kama uzi.

Wako wanaosema kavu kwa kavu hakunajisi, kwamba mbwa mkavu hakitii unajisi kitu kikavu. Sawa, lakini mashine haikati bila mafuta, na mafuta si makavu. Wala Morisi hakuniachia nafasi ya kuutafuta ubishi huo. Nilipoisogeza tu, aliilamba.

Helga akamshika kichwa. Mimi nikazungushia mkono kanga kuukuu, nikaanzia mgongoni, nikiivuta ngozi kwa mkono mmoja ili isiingie baina ya meno, nikifuata manyoya yanakolalia kama nilivyomwona Shaame akifanya kwa watoto waoga. Kila kitambo nilisita, nikapangusa meno kwa brashi, nikatia tone la mafuta, nikakaza skrubu kidogo. Ilikata. Miaka minne nilikuwa nikiijaribu kwenye pamba tu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuiona ikifanya kazi mikononi mwangu, na ilikata bila kuvuta, bonge baada ya bonge, hadi chini ya manyoya yote yale akatokea mbwa mdogo mwembamba, mbavu nje, anatetemeka. Helga alikuwa analia. Mimi sikuhisi kitu. Nilitazama manyoya chini nikawaza nani atayafagia.

Jioni nikaosha mikono kwa udongo na maji kama inavyotakiwa. Mashine sikuiosha. Niliifunga gazeti nikaiweka peke yake.

Alkhamisi sikunoa. Sikukusudia, ilipita tu, nikakumbuka nimeshalala.

Ijumaa baada ya sala akaja Machano. Nikaliweka furushi mkekani baina yetu. Akanyoosha mkono.

"Usiishike," nikasema. "Imemnyoa mbwa."

Akaurudisha mkono. "Mbwa gani?"

"Wa yule Mjerumani wangu."

"Namba mbili?"

"Namba mbili."

"Na ile ya punda ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Nilijiweka tayari kutukanwa. Majibu nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Jumatatu. Angesema itaoshwa mara saba, na moja kwa udongo, itatahirika. Nami ningemwambia: osha, baba, uitie udongo kwenye meno, kisha uniambie itamnyoa nani. Kinyozi hahitaji kuelezwa udongo unavyofanya makali. Kwa kweli nilikuwa naingoja nafasi hiyo kwa hamu, na hamu ni kitu nilichokuwa sijakionja siku nyingi.

Machano hakutaja udongo. Aliliangalia lile gazeti, ile mashine aliyoitaka, riziki yake imelala pale. Kisha akasema, "Shemeji, mie nnajua ulikuwa ukiinoa. Nlikuwa nkipita Alkhamisi hapo nje nnasikia unasugua. Nlikuwa sitaki kuingia nkakufedhehesha."

"Nlikuwa nnainoa, ndiyo. Kuna ubaya?"

"Hakuna. Ukimnolea nani?"

"Shaame. Nani mwengine?"

"Na Jumatatu, ulipoichukua ukampelekea mbwa," akasema taratibu, "ulifikiri Shaame akirudi utamwambia nini?"

Nilikuwa nimemfikiria Machano. Nilikuwa nimemfikiria kadhi, na wateja wa Miembeni, na watu watakavyosema. Nilikuwa nimemfikiria kila mtu mwenye kichwa hapa mjini. Shaame sikumfikiria. Sikujiuliza hata mara moja atasemaje akiingia mlangoni, akitia mkono rafuni, akinusa mbwa kwenye mashine yake. Mtu aliyekuwa haniruhusu hata kuitumia kukatia uzi.

"Mwanamke anayemngoja mumewe hayafanyi hayo," akasema Machano. Hakusema kwa ukali; ingekuwa afadhali. "Wewe ushajua, shemeji. Mkono wako ushajua kabla yako."

Iliniuma. Sitafuti neno jingine. Iliniuma kifuani, na nikamchukia Machano kwa chuki safi kabisa, kwa sababu nilikuwa nimekwenda mbali vile kumzuia asimuue kaka yake, kumbe nilikuwa nimeshamzika mwenyewe, kwenye ua wa watu, huku nikitia tone la mafuta. Kisha chuki nayo ikapita. Nikamuuliza kama ameshakula. Akasema hajala. Nikampakulia, tukala, nikamwambia kesho twende kwa kadhi.

Jumamosi tukaenda kwa kadhi. Alikuwa mtu mzima mwenye kikohozi, na karani wake kijana kando. Akaniuliza yanayoulizwa: mume ametoka vipi, na nani, nimeuliza wapi, nimepata habari gani. Nikajibu. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayesoma bei ya ndizi. Machano akashuhudia kwa upande wake.

"Na matumaini ulikuwa nayo mpaka lini, mwanangu?" akauliza kadhi.

"Mpaka Jumatatu."

"Jumatatu gani?"

"Hii ilopita. Nlikuwa nkimnyoa mbwa."

Karani akacheka puani, kisha akajitia anakohoa. Kadhi hakucheka. Alinitazama, akamtazama Machano aliyeinamisha kichwa, akaisukuma kalamu ya karani kwa kidole ili aandike.

"Jina la mumeo?" akaniuliza.

"Marehemu," nikasema, na hapo ndipo nilipolia, miaka minne kwa mkupuo mmoja, mbele ya watu, hata Machano ikabidi amalizie yeye kulitaja jina.